Gereji ya Busisi Nayo Inamngoja Mhandisi

 

Leo nina neno na vijana wa Kanda ya Ziwa waliosomea uhandisi wa umeme. Wazazi wao nao wasizime redio, maana kuna mahali nitawagusa. Kijana amemaliza chuo, miaka minne ya hesabu na maabara, na moyo wake uko kwenye magari. Anauliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi: kiwanda cha magari kiko wapi, nipeleke barua ya maombi? Namjibu hivi: barua ipeleke, lakini usikae nyumbani ukiingojea. Gari la Tanzania kwa sehemu kubwa linazaliwa Japani na kuuguzwa hapa. Kazi ya mhandisi wa umeme iko mahali gari linapouguzwa, na huko wahandisi ni wachache mno.

Tuanzie Busisi, kwa sababu Busisi inalijua gari kuliko miji mingi inayojisifu. Mpaka tarehe 19 Juni 2025, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J. P. Magufuli, gari lililotoka Geita au Bukoba kuja Mwanza kwa njia hii lilisimama Busisi kungoja kivuko cha Ziwa Victoria. Ng'ambo ya pili, Kigongo, hali ilikuwa hiyo hiyo. Foleni ya saa mbili haikumshangaza mtu. Dereva amezima injini kuokoa mafuta, lakini redio inaimba, simu nne zinachajiwa, taa za ndani zinawaka, na kuna abiria wa nyuma ambaye kioo kwake hakipandi wala hakishuki ila kwa swichi. Kivuko kinafunga gati, dereva anageuza ufunguo, stata inagongagonga bila kuzungusha injini. Betri imelala. Nyuma yake honi zinalia na matusi yanaanza. Hapo ndipo fundi umeme wa gatini alipopata riziki yake, kwa waya mbili nene na betri ya akiba.

Daraja lina urefu wa kilomita 3 hivi, na unalivuka kwa dakika chache tu. Riziki ile ya kuamsha betri imeondoka na foleni, pamoja na ya wauza mahindi ya kuchoma na samaki wa kukaanga. Siisikitikii foleni. Kuna wajawazito na wagonjwa waliokwama pale usiku, na hakuna fundi wala mchuuzi anayeweza kuitetea mbele yao. Ila natazama magari yanayopita juu ya daraja, nayaona yamebadilika: Noah, Alphard, Harrier, Crown, mabasi mapya ya mikoani, malori ya kwenda migodini. Haya hayaponi kwa waya mbili nene.

Kuna jambo lililokuwa mbele ya macho yetu miaka yote ile na hatukulitazama. Vivuko vya Kigongo na Busisi vilikuwa chini ya TEMESA. Tulipokuwa tunasema TEMESA tulikuwa na maana ya kivuko, basi. Lakini jina lake kamili ni Wakala wa Ufundi na Umeme Tanzania, na kazi yake nyingine kubwa ni kutengeneza magari ya Serikali katika karakana zake za mikoani, pamoja na mitambo ya umeme na elektroniki. Vijana wa Busisi walipanda kila wiki juu ya mali ya taasisi inayohitaji wahandisi wa umeme wa magari, wakashuka upande wa pili wakaenda kuuliza ajira mjini.

Sasa niwaambie nilichokiona kwenye gereji moja ya barabarani, upande wetu huu. Noah imeletwa. Ukikanyaga breki, taa za mbele zinafifia, na taa ya betri kwenye dashibodi inawaka na kuzimika. Fundi, mtu mzima mwenye miaka mingi kazini, alikwisha badilisha altaneta. Aliweka ya mtumba, haikusaidia. Akabadilisha betri, mpya kabisa, haikusaidia. Mwenye gari amekwisha lipa mara mbili na uso wake unaonyesha. Kijana mmoja wa Sengerema, ametoka chuo na cheti chake cha uhandisi wa umeme, alikuwa amekuja pale kumsalimia ndugu yake.

"Shikamoo fundi. Naomba nipime kitu."

"Marahaba injinia. Pima, lakini usiniunguzie."

Akatoa mita yake. Injini ikiwa imewashwa, betri ilisoma volti 14 na kidogo, maana yake altaneta inachaji vizuri na haikuwa na kosa tangu mwanzo. Akaenda kwenye taa: volti 12 hazifiki. Kwa hiyo volti 2 zinapotelea njiani. Sasa wengi wetu tungefuata ule waya unaopeleka umeme kwenye taa. Yeye akafanya kinyume. Akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na ncha ya pili kwenye bodi ya gari. Pale panatakiwa pasome karibu na sifuri. Pakasoma karibu volti 2. Umeme ulikuwa unakwenda salama, tatizo ni kurudi.

Fundi akacheka kwa sauti. "Ule waya wa ethi wa chini ya gia boksi! Noah zote unaoza pale." Akaingia chini ya gari, akafungua boliti moja, akasugua kutu kwa msasa, akafunga. Taa zikasimama.

Nimesimulia kwa kirefu kwa sababu watu wanapenda hadithi ya msomi aliyeaibishwa na fundi, au fundi aliyeaibishwa na msomi. Pale hakuaibika mtu. Mhandisi alijua swali la kuuliza, kwa kuwa alifundishwa kwamba umeme lazima uzunguke na kwamba kila volti inayopotea ina mahali inapopotelea. Fundi alijua jibu linakaa wapi kwenye Noah. Kijana peke yake angezunguka mpaka jioni akiitafuta ile boliti. Fundi peke yake alikuwa anakaribia kubadilisha nyaya zote. Aliyelipia kutengana kwao ni mwenye gari, na wenye magari wa nchi hii hulipia kutengana huko kila siku kwa kununua spea ambazo hazikuwa mbovu.

Sasa turudi kwenye kiwanda, maana najua kuna msikilizaji anasema: bwana huyu anatukatisha tamaa, mbona viwanda vipo? Vipo. Kibaha kuna Shirika la Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari kilicho chini ya jeshi letu, kilichopewa sura yake ya sasa mwaka 1985, kikiwa na ndoto ya Mwalimu Nyerere ya lori la Kitanzania. Kibaha hiyo hiyo palikuwa na TAMCO iliyounganisha malori ya Scania enzi za mashirika ya umma, na eneo lile leo lina kiwanda cha GF kinachounganisha malori ya FAW kutoka China. Kenya wametutangulia kwa wingi: Isuzu wako Nairobi, Thika kuna KVM, Mombasa kuna AVA. Ukipata nafasi huko, nenda, tena nenda mbio.

Lakini ujue unachokwenda kukifanya. Viwanda vya kuunganisha hupokea gari likiwa vipande ndani ya makasha. Michoro ya umeme wa lile gari ilikwisha chorwa na watu wa mbali miaka mingi nyuma. Mhandisi wa umeme pale, mara nyingi, hashiki gari kabisa. Anashika kiwanda: mota, kompresa, tanuri la kukaushia rangi, winchi za juu, jenereta ya akiba umeme ukikatika, na vifaa vya kupimia gari linapotoka mwisho wa mstari. Ni kazi ya heshima na ina mengi ya kufundisha. Ila kijana aliyeota kubuni gari akidhani ndiko anakoelekea, ataamka.

Kubuni gari kumejaribiwa Afrika Mashariki, na hapa pana somo ambalo wahandisi wa umeme hawalisemi vya kutosha. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Wakalitengeneza. Yakatoka magari matano ya majaribio, yakaitwa Nyayo Pioneer, yakaonyeshwa hadharani mwaka 1990, na mbio zake ziliandikwa kilomita 120 kwa saa. Mpango ukaishia hapo, fedha za kuyazalisha kwa wingi hazikupatikana. Watu wanapenda kulicheka gari lile. Mimi silicheki. Wale watu walilazimika kuhangaika na injini ya mafuta, na injini ya mafuta ni dunia ya kuyeyusha vyuma, kukereza, na vipimo vya sehemu ya mia ya milimita. Nchi zilizotutangulia zilihitaji vizazi kuijua. Nyumbu nao walikutana na mlima huo huo.

Sasa tazama ng'ambo ya ziwa letu. Makerere, Uganda, wanafunzi na walimu waliingia kwenye mradi wa kimataifa wa kubuni magari uliokuwa na makao yake kwenye chuo cha MIT cha Marekani. Wakarudi nyumbani wakatengeneza gari lao la watu wawili, la umeme, Kiira EV, likazinduliwa Novemba 2011. Likafuata jingine mwaka 2014, kisha basi la Kayoola lenye paneli za jua mwaka 2016, kisha basi la umeme la abiria wengi. Leo Kiira Motors ni kampuni ya Serikali ya Uganda na Makerere, na kiwanda chao kiko Jinja, pale maji ya ziwa hili hili yanapoanza safari ya Mto Nile. Aliyeuongoza mradi ule tangu mwanzo, Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa, ni mtu wa umeme. Paul Isaac Musasizi, aliyekuja kuiongoza kampuni, naye ni mtu wa umeme.

Kwa maoni yangu hiyo haikutokea kwa bahati. Gari la umeme halina injini ya kuyeyushia chuma. Betri unaweza kuinunua, mota unaweza kuinunua. Kinachobaki ni namna ya kuviunganisha: nyaya, vidhibiti, programu inayoamua mota ivute kiasi gani na betri ipoe lini. Huo ni ujuzi unaofundishwa kwenye vyumba vya madarasa tulivyonavyo tayari. Ndiyo sababu hata mtu asiye wa viwandani aliweza kujaribu. Machi 2022, Masoud Kipanya, tunayemjua kwa katuni zake, alizindua Dar es Salaam gari dogo la umeme alilolitengeneza na wenzake. Unaweza kulikosoa lile gari, na waliokosoa walikuwapo. Lakini katika miaka ya Nyayo Pioneer mchora katuni asingeweza hata kuanza.

Nirudi kwenye magari ya leo, yanayopita darajani sasa hivi ninapozungumza.

Tunayaita magari ya petroli na dizeli, ila ndani yake yamekwisha kuwa magari ya umeme nusu. Mwaka 1986, mwaka ule ule wa Moi, kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitangaza mfumo unaoitwa CAN, unaoviwezesha vifaa vingi ndani ya gari kuzungumza kupitia jozi moja ya nyaya. Kabla ya hapo kila swichi ilikuwa na waya wake mpaka kwenye taa yake. Sasa breki inaiambia injini, injini inaiambia gia boksi, mlango unauambia mfumo wa kengele. Jozi ile ikiingia maji, kama mnavyojua gari la pwani ya ziwa linavyoingia maji, taa saba zinawaka kwenye dashibodi kwa pamoja na gari linagoma bila kifaa hata kimoja kuwa kibovu.

Mafundi wetu wamejibu kwa kununua mashine za kupimia. Unachomeka chini ya usukani, inakusomea namba. Ni hatua nzuri, ila namba ile imegeuka kuwa sheria. Mashine imesema P0171, maana yake mchanganyiko wa hewa na mafuta una hewa nyingi kupita kiasi. Mtu anakimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni. Gari linaondoka, baada ya siku mbili namba imerudi. Kumbe sensa ilikuwa inasema kweli, na hewa ilikuwa inaingia kwenye mpira uliopasuka nyuma ya injini, mpira wa bei ya chai na andazi. Mashine inataja dalili. Kutoka kwenye dalili mpaka kwenye chanzo ndiyo kazi aliyosomea mhandisi, na ndiyo kazi isiyofanywa.

Tena kuna jambo la hatari, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Magari ya haibridi yanaingia kwa wingi kwenye soko la mitumba: Prius, Aqua na jamaa zake. Betri tuliyoizoea ni ya volti 12, unaishika kwa mkono mtupu. Betri kubwa ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina volti 201.6, imejengwa kwa vipande 28, kila kimoja volti 7.2. Kwenye kile kizazi cha tatu kifaa kinachoilisha mota kinaupandisha umeme ule mpaka volti 650. Huo ni umeme wa kuua. Nyaya zake zina rangi ya machungwa. Ukiona rangi hiyo na hukufundishwa, toa mkono. Aliyefundishwa anazima gari, anauweka ufunguo mbali, anachomoa plagi ya usalama akiwa amevaa glavu za mpira za daraja lake, kisha anangoja dakika kadhaa, kwa sababu kapasita bado zimeshika chaji hata baada ya betri kutengwa. Fundi asiyejua hilo haoni tofauti kati ya waya uliokufa na waya unaongoja.

Hata pasipo hatari, betri ile inamtaka mtu wa vipimo. Mara nyingi vipande 28 havifi vyote, huanza viwili au vitatu. Fundi wa kubahatisha anaweka kipande kipya katikati ya vikuukuu, vinakosa kulingana, na baada ya muda mfupi vinaangushana. Mwenye ujuzi anavipima vyote vikiwa na mzigo, anavipanga kwa uwezo wake, ndipo anafunga. Hesabu yake ni ya mwaka wa pili wa shahada. Niambieni, kutoka Nyegezi mpaka Sengerema, ni gereji ngapi mnazozijua zenye mtu wa hesabu hiyo?

Sasa mtu atasema, hayo magari ya umeme ni ya Dar es Salaam na Nairobi, huku kwetu yatafika lini? Mimi naona kinyume. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi mamlaka ya udhibiti, EWURA, hutangaza bei ya mafuta, na kila mara Mwanza inalipa zaidi ya Dar es Salaam, kwa sababu lita ile imesafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandarini. Kadiri unavyokaa mbali na bahari ndivyo unavyoilipia ile safari. Bei ya uniti ya umeme wa TANESCO haiulizi unakaa wapi. Mteja wa daraja moja analipa sawa, awe Kariakoo, awe Busisi. Na sasa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Kwa hiyo anayeokoa zaidi akiacha petroli ni bodaboda wa huku, siyo wa Posta. Betri ya pikipiki ya umeme ya kampuni ya Roam ya Nairobi inabeba uniti 3 na kidogo. Bodaboda anayenisikiliza, piga hesabu yako mwenyewe ya siku moja, usiningoje mimi.

Nairobi wamekwisha piga. Kampuni ya BasiGo ilianza na mabasi mawili ya umeme mwaka 2022, na baadaye mabasi yake yakaanza kuunganishwa Thika. Arusha nako kuna watu wanaong'oa injini za dizeli kwenye Land Cruiser za utalii na kuweka betri na mota, ili simba asisikie gari likija. Hizo ni kazi za wahandisi wa umeme na mafundi, na hazikuanza kwa mtu kungoja tangazo la ajira gazetini.

Tena hata kwenye viwanda vikubwa vya dunia, kuna mlango ambao Waafrika wameupitia, nao si wa kubuni injini. Ni nyaya. Ule mti wa nyaya unaotandazwa ndani ya gari mpaka leo kwa sehemu kubwa unafungwa kwa mikono ya watu, roboti linapata shida kwa sababu waya unapindapinda. Morocco na Tunisia zina viwanda vinavyofunga nyaya za magari ya Ulaya. Ukraine nayo ilikuwa inafunga, na vita vilipozidi mwaka 2022, Volkswagen na BMW zilisimamisha baadhi ya mistari yao ya uzalishaji kwa kukosa nyaya. Gari zima la mamilioni, limesimama kwa waya! Sijui kwa nini mwenye mtaji wa Mwanza hafikirii kuwafungia wa Thika na Kibaha nyaya zao. Hilo nalitupa tu, tuendelee.

Wazazi, nilisema nitawagusa. Ng'ombe wameuzwa, ada imelipwa, mtoto amevaa joho mmepiga picha. Kisha anarudi nyumbani jioni na mafuta kwenye kucha, majirani wanauliza, huyu si alisomea uhandisi? Mama anaona haya, baba anaanza kumtafuta rafiki wa zamani aliyeko TANESCO. Naelewa. Na ile Bodi ya Mikopo inangoja asilimia 15 ya mshahara wake, mshahara wenyewe haujaonekana. Lakini miaka miwili mitatu ya kucha chafu kwa mtu mwenye shahada haifanani na miaka hiyo kwa mtu asiyejua anachokipima. Mpeni nafasi. Mhandisi wa magari asiyewahi kulala chini ya gari ni karani.

Na vijana, nanyi msidhani nawapamba. Mkifika gereji, fundi mkuu ndiye mwalimu wenu, amkieni shikamoo hata kama mmemzidi elimu. Atawatuma spana, mtafagia, mtaitwa injinia kwa kejeli. Mita yenu ndiyo itakayowaondolea kejeli hiyo, wala siyo cheti.

Lipo tatizo moja ambalo juhudi ya kijana peke yake haiwezi kulimaliza. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa sheria ya mwaka 1997, haimsajili mtu kuwa mhandisi mtaalamu mpaka apate uzoefu wa miaka mitatu hivi chini ya usimamizi wa mhandisi aliyesajiliwa. Ni utaratibu mzuri, sitaki nyumba yangu wala breki zangu mikononi mwa mtu asiyesimamiwa. Lakini gereji ya Busisi haina mhandisi aliyesajiliwa. Kwa hiyo kijana akikaa pale miaka mitatu akajifunza haibridi, CAN na kila kitu, kwenye daftari la taaluma yake ni kama alikuwa amelala. Mwenzake aliyekaa ofisini akisaini risiti za nyaya anasajiliwa. Halafu tunashangaa wahandisi hawataki gereji.

Hili linaweza kutengenezwa, na wanaoweza kulitengeneza hawako mbali mbali. Bodi ya Usajili iko chini ya Wizara ya Ujenzi. TEMESA, yenye karakana mikoani na wahandisi waliosajiliwa, iko chini ya wizara hiyo hiyo. Ombi langu kwao ni moja. Karakana ya TEMESA ya mkoa iwe kituo cha usimamizi kwa wahandisi wahitimu waliojishikiza kwenye gereji binafsi: mhandisi wa karakana awatembelee, asome daftari zao za kazi, awape siku chache kila mwezi za kushika magari ya Serikali na vifaa ambavyo gereji haina, na miaka yao ihesabiwe. Vyuo navyo, pamoja na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji na jirani zetu wa SAUT hapa Malimbe, viwaruhusu wanafunzi wa umeme kufanya mafunzo kwa vitendo gereji, wasirundikwe wote kwenye ofisi moja ya umeme ambako thelathini wanatazama mita moja.

Wenye gereji wa Busisi, Kigongo, Usagara na Igoma, nanyi nawaomba. Kijana wa chuo akija na mita yake akasema fundi naomba nipime, mwacheni apime kabla hamjafungua altaneta.